Upake rangi upya au uuze? Maswali ya wenye magari ya spoti yaliyozeeka Nairobi

Nimekaa na Toyota Celica ya mwaka 2000, rangi ya fedha, namba za KAX, tangu 2012. Kwa sababu hiyo tu watu hudhani mimi ni mtaalamu. Mimi si fundi. Nimelipia makosa yangu mwenyewe, na Jumapili nyingi marafiki huniburuta kwenda kukagua magari ya watu. Maswali huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu, ili nikipigiwa simu saa tatu usiku niwe na mahali pa kumwelekeza mtu.

Rangi ya paa na boneti inabanduka kama ganda la kitunguu. Nimekosea wapi?

Pengine hukukosea popote. Rangi ya gari huwa na tabaka kadhaa: praima, rangi yenyewe, halafu juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Zote kwa pamoja, za kiwandani, mara nyingi ni kati ya mikroni 100 na 150 hivi, unene wa karatasi moja au moja na nusu ya kuchapia. Klia ndiyo inayobeba adhabu ya jua. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na iko karibu na ikweta. Baridi ya Julai hutudanganya, lakini miale inayochoma rangi haijali kama umevaa sweta. Paa, boneti na kifuniko cha buti huangalia juu kutwa nzima, ndiyo maana hufa kwanza huku milango ikiwa bado inang'aa.

Kuna na maadui wadogo. Oktoba jakaranda zikimwaga maua, yale maua yakilowa juu ya boneti huacha utomvu unaonata. Na ukiegesha chini ya migunga ile ya karibu na uwanja wa Nyayo ambako korongo wamejenga, ujue umelikabidhi gari lako kwao. Kinyesi cha ndege kikikaukia juani hula klia. Kilowanishe kwa maji mengi, ngoja dakika chache, kisha kiondoe taratibu. Ukikisugua kikavu utaongeza mikwaruzo juu ya doa.

Nitajuaje kama rangi imekufa au inahitaji polishi tu?

Tumia ukucha. Osha gari, likaushe, kisha pitisha ukucha polepole kutoka sehemu inayong'aa kwenda sehemu yenye weupe. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, hata mdogo, klia imeachana na rangi na hakuna polishi duniani itakayoirudisha. Ukipita bila kukwama, kuna matumaini: ule ukungu huenda ni mikwaruzo midogo na uchakavu wa juu tu, na mashine ya polishi ikishikwa na mtu mwenye subira itauondoa.

Kwa magari ya zamani zaidi, hasa mekundu ya miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka chekundu, gari halina klia. Ni rangi tupu hadi juu. Hiyo ni habari njema, kwa sababu rangi ya namna hiyo iliyogeuka waridi mara nyingi hurudi ikipigwa polishi. Nimeona Mazda MX-5 iliyokuwa kama chupa ya dawa ya kikohozi iliyosahauliwa dirishani ikirudi kuwa nyekundu kwa siku moja ya kazi. Onyo ni moja: kila polishi hupunguza rangi. Gari lililopigwa mashine kila Desemba kwa miaka kumi huenda limebakiwa na utando tu.

Nikipaka rangi ndipo niuze, nitarudisha pesa yangu?

Hapana. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wengi hawapendi jibu.

Chukulia kuna mtu yuko tayari kulinunua gari lako lilivyo, na rangi yake iliyochoka, kwa shilingi 550,000. Karakana nzuri imekuambia kupaka gari zima ni 180,000. Ili kazi hiyo isikutie hasara lazima apatikane mtu wa kutoa 730,000 kwa gari lile lile, injini ile ile, kilomita zile zile. Mimi mtu huyo sijawahi kumwona. Niliowaona ni wale wanaotoa 600,000 na kuomba wapunguziwe.

Sababu ni mnunuzi mwenyewe. Mnunuzi wa Nairobi akiona rangi mpya kwenye gari linalouzwa, jambo la kwanza kumjia kichwani ni ajali. Amesikia habari za magari yaliyopinduka pale Salgaa yakapigwa puti, ule ujiuji wa kuziba mabonde ya bodi, na kurudi sokoni yamependeza kama bibi harusi. Kwa hiyo kadiri unavyong'arisha ndivyo anavyozidi kuinama kuangalia chini. Halafu anayenunua gari la spoti la miaka ishirini mara nyingi ana ndoto zake tayari. Wewe umepaka nyeusi kwa gharama kubwa. Yeye alishaamua kwamba litakuwa jeupe.

Ongeza na muda. Kazi ya wiki mbili huwa wiki tano, na katika wiki hizo huwezi kumwonyesha mtu gari.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba rangi hupakwa gari utakalobaki nalo. La kuuzwa, lioshe.

Hakuna hata hali moja ambapo kupaka kabla ya kuuza kuna maana?

Zipo mbili ninazozikubali. Ya kwanza ni bampa ya mbele iliyokwaruzwa vibaya au yenye rangi tofauti na gari. Ni kazi ndogo, na picha hubadilika kabisa. Watu huanza kuhukumu kwa picha. Ya pili ni gari adimu kwelikweli, lenye mitambo mizuri, ambalo rangi imebanduka kiasi kwamba hata wanaolitafuta wanaliruka. Hapo paka vizuri au usipake, na kila hatua ipigwe picha: gari likiwa limevuliwa taa, bodi ikiwa imepigwa msasa bila puti, hadi mwisho. Picha hizo ndizo zitakazomshawishi mnunuzi kwamba hufichi kitu.

Mnunuzi hutazama nini hasa?

Mwaka juzi nilimsindikiza rafiki kuuza Mazda RX-8 nyekundu. Tulikutana na mnunuzi kwenye kituo kimoja cha petroli Lang'ata Road, saa moja na nusu asubuhi, kwa sababu mzee mwenyewe alisisitiza iwe asubuhi. Sikuelewa kwa nini mpaka alipofika. Alichuchumaa nyuma ya gari, jua likiwa bado chini, akaitazama bodi kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. Kila bonde lilijitokeza. Kisha akatoa mfukoni sumaku ya friji iliyofungwa ndani ya leso, akaanza kuiburuza taratibu kuanzia juu ya gurudumu la nyuma. Mahali fulani ikateleza. Akarudisha. Ikateleza tena. Puti.

Hakusema neno. Akafungua mlango, akavuta kando ule mpira unaozuia maji, akaonyesha kwa kidole mstari ambapo rangi mpya iliishia. Akafungua boneti, akazitazama bolti zinazoshika fenda. Mbili zilikuwa zimebanduliwa rangi pembeni, alama ya spana. Ndipo akasimama, akajifuta magoti.

"Kijana, hii iligongwa lini?"

Rafiki yangu alikuwa amelipaka rangi miezi minne kabla ili liuzike haraka. Lilikuwa limegongwa kidogo tu na matatu, na bila rangi ile mpya tungesema hivyo na yangeisha. Siku hiyo kila alichosema kilionekana uongo. Mzee alipofika kwenye boneti sumaku haikushika kabisa, akatikisa kichwa kana kwamba amegundua boneti nzima ni puti. Ikabidi tumweleze kwamba boneti ya RX-8 ni ya aluminiamu, na milango midogo ya nyuma pia. Hakutuamini. Na ungemlaumu?

Gari liliuzwa baadaye kwa mtu mwingine, kwa bei ambayo rafiki yangu ameniomba nisiiandike.

Basi niliuze vipi na rangi hii?

Lioshe hadi kwenye kingo za milango. Safisha ndani, ondoa harufu, toa zile stika za kanisa na za shule kwenye kioo. Piga picha asubuhi au jioni, na iwemo picha moja ya karibu ya mahali rangi ilipobanduka. Kwenye tangazo andika wazi: "Klia ya paa imebanduka, bei imezingatia hilo." Utapigiwa simu chache kuliko jirani yako, lakini watakaokuja watakuwa wamekuja kununua. Tafuta kwenye karakana makadirio ya kazi ya rangi kwa maandishi na uyaweke ndani ya gari. Mnunuzi akianza kusema kupaka ni laki tatu, unamtolea karatasi.

Nimeamua kubaki nalo. Nipeleke Kariobangi au karakana kubwa?

Hapa nitakaa kidogo.

Kuna mafundi Kariobangi Light Industries na kando ya Kirinyaga Road, ile tunayoiita Grogan hadi leo, wenye mikono kuliko watu wengi wanaovaa ovaroli zenye nembo. Nimemwona mmoja akinyoosha fenda kwa nyundo na kipande cha reli mpaka ukadhani imetoka kiwandani. Anachokosa ni chumba. Anapaka rangi kwenye uwanja, anamwagia sakafu maji ili vumbi litulie, anatazama juu kuona mawingu, na anaomba jirani asiwashe grainda kwa dakika ishirini. Jirani huwasha. Karakana yenye chumba maalumu huchuja hewa na hukausha rangi kwa joto; ndicho unachokilipia, na kwa gari zima naona inafaa.

Muulize fundi atatumia rangi gani. Ile ya zamani, ambayo wazee huiita duko, hukauka thina ikiisha kuruka. Ni ya bei nafuu na inapendeza wiki ya kwanza, lakini petroli ikimwagika pembeni ya tangi inaweza kuilainisha. Rangi na klia za kuchanganywa na kigumu, ile dawa ya kuzigandisha, hushikana kwa kemia na hudumu zaidi. Omba kuona makopo kabla hayajafunguliwa, au nenda ununue mwenyewe kwa kutumia namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari. Kwa Toyota tafuta palipoandikwa C/TR: 040 ni ile nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi. Usikubali mtu akuambie "silva ni silva".

Muulize pia nini kitafunguliwa. Taa, vishikio vya milango, mipira, bampa: vikifunguliwa, rangi huingia hadi kwenye kingo na haitaanza kubandukia hapo. Vikifunikwa kwa tepu na magazeti, baada ya mwaka utaona mstari, na kutoka kwenye mstari huo maji huingia chini ya klia. Tofauti ya bei kati ya makadirio mawili mara nyingi imejificha hapo, na hakuna anayekuambia.

Mimi nilijifunza haya kwa njia ngumu. Aprili ya 2014 nilipeleka boneti yangu kwa karakana moja niliyoelekezwa na mtu wa kazini. Ilikuwa katikati ya masika. Jioni boneti iling'aa, nikalipa. Asubuhi ilikuwa na ukungu wa maziwa, na karibu na nembo kulikuwa na vishimo vidogo vya duara, kama matone ya mvua yaliyogandishwa. Ukungu ulitokana na unyevu ulionaswa rangi ilipokuwa ikikauka. Vishimo vilitokana na silikoni: wiki hiyo nilikuwa nimeipuliza ile dawa ya kung'arisha dashibodi, ikafika hadi nje, na boneti haikufutwa vizuri kabla ya kupakwa. Fundi akasema ni kosa la mvua. Mimi nikasema ni kosa lake. Nadhani sote tulikuwa na sehemu. Tangu hapo sipeleki gari kupakwa rangi kati ya Machi na Mei, labda kwenye chumba kinachopashwa joto, na wiki mbili kabla sigusi chochote chenye silikoni.

Jambo moja la kando, lakini linanikera. Kigumu kinachochanganywa kwenye rangi hizi kina kemikali za isosayaneti, ambazo zinajulikana kwa kuwaletea wapakaji pumu ya kazini. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii chochote. Ukiona fundi wako anapaka hivyo na umempa kazi ya laki moja, mnunulie barakoa yenye vichujio vinavyofaa. Hata hiyo haitoshi kwa kazi ya kila siku, ambayo inahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Gari likirudi, usilipake nta kwa mwezi mmoja angalau. Rangi bado inatoa hewa zake. Osha kwa maji na kitambaa laini. Na kabla ya kulipa lote, litazame nje, mchana. Taa za karakana zina huruma sana.

Naweza kupaka paneli moja tu?

Kwa nyeupe au nyeusi ya kawaida, ndiyo. Kwa rangi ya fedha, ole wako. Chembe za chuma ndani yake hulala kulingana na presha ya bunduki, umbali wa mkono, hata wingi wa thina. Fundi mzuri hataishia kwenye mpaka wa paneli; ataipoteza rangi polepole ndani ya paneli jirani na kupaka klia zote mbili. Kwa hiyo "mlango mmoja" huwa mlango, fenda na nusu ya ubavu. Bajeti hivyo tangu mwanzo.

Nimechoka na rangi hii. Naweza kuibadilisha?

Unaweza, lakini rangi imeandikwa kwenye logbuku, hati ya umiliki wa gari. Ukibadilisha, unapaswa kuwaarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili kumbukumbu zao zilingane na gari. Usipofanya hivyo, polisi yeyote makini barabarani ana la kukuuliza, na siku ya kuuza mnunuzi atakayepekua rekodi atakuta gari la bluu wakati mbele yake limesimama la chungwa.

Kwa upande wa kazi, kubadilisha rangi vizuri maana yake ni kupaka ndani ya milango, chini ya boneti na ndani ya buti. Wengi huruka hapo. Ukifungua mlango wa gari jeusi ukakuta kijani, hata mimi nitaondoka.

Stika ya mwili mzima je?

Kwa gari lenye rangi nzima, sawa. Kwa rangi inayobanduka, hapana: stika hushika kile kilicho chini yake, na siku ya kuitoa itaondoka na klia yote. Jua letu pia huifupisha maisha, hasa juu ya paa. Na suala la logbuku liko pale pale.

Nimeona kutu. Linabadilisha hesabu?

Linabadilisha kila kitu. Kutu ya juu, ya ukubwa wa sarafu, palipochubuliwa na kokoto za malori ya Mombasa Road, inasafishwa na kupakwa. Kutu inayotokea ndani kwenda nje ni habari nyingine. Kwenye MX-5 za zamani chungulia chini ya milango, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Matundu ya kutolea maji ya paa la turubai huziba kwa majani na vumbi, maji yanakaa ndani ya chuma, na bati huoza kimya kimya. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakiwa na sauti kama ya biskuti, unahitaji mtu wa kukata na kuchomelea kabla hujamwona wa rangi.

Uliza pia historia. Nairobi yenyewe si mbaya kwa kutu. Lakini gari lililokaa Mombasa miaka kumi, au lililotoka Uingereza ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, likague chini likiwa juu ya jeki.

Nianze na injini au rangi?

Injini. Ukipaka poda uso wa mgonjwa hajapona. Celica za umri wa yangu zenye injini ya 1ZZ zina sifa mbaya ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Angalia kijiti cha oili kila unapojaza tangi, kwa mwezi mzima, uandike. RX-8 hula oili kwa asili yake, kwani injini yake ya rota hujipaka oili ndani ili isikwaruzane, kwa hiyo cha kupima ni kompreshani, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, na ipimwe na mtu mwenye kipimo cha injini za rota. Majibu yakiwa mabaya, umeokoa pesa ya rangi. Yakiwa mazuri, endelea na bushi, shokabzoba na tairi. Rangi iwe ya mwisho, kwa sababu hakuna fundi wa klachi ambaye hajawahi kuegemeza mkanda wake kwenye fenda ya mtu.

Gari langu ni la zamani na adimu. Si nikilishikilia litapanda bei?

Huenda, na sababu yake iko kwenye sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Celica za mwaka 2000 zilizomo nchini ndizo hizo. Haziongezeki, zinapungua kwa ajali na kwa wanaozikata vipuri.

Lakini uchache peke yake haulipi. Wanaotoa pesa nzuri hutafuta gia za mkono, gari ambalo halijakatwa springi wala kutobolewa mabomba, na karatasi zake zote. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechoka, kwa watu hao ni ushahidi. Ukiipiga msasa imekwenda na hairudi. Nenda siku moja kwenye maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse uwatazame waamuzi wanavyolala chini ya magari, ndipo uamue kama lako ni la kundi hilo.

Na tusidanganyane kwa majina. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Celica ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Yako ya otomatiki yenye viti vya leso haikuwemo.

Bima inasemaje?

Kampuni nyingi zina ukomo wa umri kwa bima kamili, na gari la miaka ishirini huishia kwenye bima ya mtu wa tatu. Maana yake, ukigongwa siku moja baada ya kutoka karakana na aliyekugonga akatoweka, rangi ile mpya ni hasara yako. Ulizia kwanza.

Marehemu baba alituachia Mercedes SLK ya 1999. Kaka yangu anataka tuipake rangi tuiuze haraka. Tufanye nini?

Poleni. Kwanza msiiuze na msiipake. Gari likiwa bado kwa jina la marehemu, kuliuza kabla ya mahakama kutoa idhini ya kusimamia mirathi ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi, na mnunuzi hataweza kulihamisha kwa jina lake. Na rangi ikilipiwa na mmoja wenu, siku ya kugawana atadai kwanza chake, na shangazi zenu watagawanyika kambi mbili. Nimeyaona.

Kwa sasa liwekeni chini ya paa, mchomoe betri, na mmwombe mthamini, AA Kenya wanafanya kazi hiyo, awaandikie thamani yake lilivyo. Mambo ya mahakama yakiisha, mtaamua mkiwa na karatasi mkononi badala ya kumbukumbu za mzee akiliosha kila Jumamosi. Na kama mmoja wenu analitaka abaki nalo, hiyo karatasi ndiyo bei ya kuanzia kuzungumza.

Mke wangu anasema pesa ya rangi ni karo ya muhula. Nimjibu nini?

Usimjibu. Ni kweli.

Nikiuza, nijikinge vipi?

Kagueni mchana, mahali penye watu. Uhamisho wa umiliki hufanywa mtandaoni kwenye mfumo wa NTSA: wewe unaanzisha, mnunuzi anakubali kwa akaunti yake. Usianzishe kabla pesa haijatua, na usimkabidhi dalali logbuku "aende nayo kuonyesha mteja". Kwa M-Pesa muamala mmoja hauzidi 250,000, kwa hiyo bei nyingi zitapitia benki. Nendeni pamoja na usubiri mhudumu akuthibitishie kwamba pesa imeingia kwenye akaunti. Ujumbe wa simu pekee usiuamini. Uhamisho ukichelewa, gari bado ni lako machoni pa serikali, na likisababisha ajali Thika Road utatafutwa wewe.

Na wewe je, Celica iliishia wapi?

Mwaka 2021 niliamua kuiuza. Nilipiga picha, nikaandika ukweli kuhusu klia. Walikuja watu watatu. Wa kwanza alitoa 380,000 na kusema anaisaidia familia yangu. Wa pili alitaka tubadilishane na Probox, aniongezee elfu arobaini. Wa tatu alikuwa kijana aliyelizunguka mara nne, akaketi ndani kimya, mikono kwenye usukani, kisha akasema hana pesa, alitaka tu kukaa ndani kidogo. Nikampa ufunguo akazunguka mtaa mara moja. Aliporudi nilifuta tangazo.

Nilipaka paa, boneti, kifuniko cha buti na bampa zote mbili, kwenye chumba, Industrial Area, mwezi wa Februari. Milango na fenda niliviacha na rangi ya kiwandani. Gharama ilizidi makadirio kwa elfu ishirini na mbili, kwa ajili ya klipu za taa zilizovunjika. Saa sita mchana, ukisimama upande wa kushoto, mlango unaonekana una umanjano kidogo kuliko bampa. Mke wangu haoni. Majirani hawaoni. Mtu mmoja tu amewahi kuona, mwendesha boda wa steji ya kwetu, na kila tukipishana hunipungia mkono na kuuliza, "Bosi, ule mlango utamaliza lini?"